Mwanafunzi wa atachimenti si wa kutumwa chai

Mhariri,

Ikifika mwezi wa tano ofisi yetu hapa Nyalenda inakuwa kama steji. Vijana wanaingia wawili wawili na bahasha ya kaki, ndani kuna barua ya chuo, karatasi ya bima na logibuku, ile daftari ya kuandika kazi za kila siku, mpya kabisa hata haijakunjwa, "Madam tunatafuta atachimenti", yaani mazoezi ya kazini, na mimi nawaangalia huku nahesabu viti kichwani juu viti tuko navyo vinne na kimoja mguu wake umefungwa na waya. Wanasomea sosho waka, yaani kazi ya ustawi wa jamii, wengine diploma wengine digrii, wanatoka vyuo vya hapa Kisumu, Kakamega, Bondo, Nakuru, kila mahali. Hii kazi nimeifanya miaka kumi na saba sasa. Na wacha niseme jambo la aibu mapema ndio tusipotezeane wakati: logibuku nyingi nilizosaini hiyo miaka yote sikuzisoma. Nilikuwa naweka sahihi, nagonga mhuri, kijana anashukuru, anaenda zake.

Aliyenifanya niandike hii barua ni binti ya dada yangu. Huyu tulimlea sisi wote, likizo alikuwa anakuja hapa ofisini ananisaidia kupanga mafaili, baadaye akapata nafasi akaenda Uingereza na huko akaingia kusomea hii hii kazi yetu. Nilifurahi sana, nikasema sasa kwa familia kuna mtu tutaelewana naye. Siku moja akanitumia sauti kwa WhatsApp, ndefu hiyo, dakika saba, ati anti nimeanza kupelekwa fildi na nimepewa mtu wangu. Mtu wako namna gani? Akasema ni sosho waka aliyesajiliwa, na amesomea kufundisha wanafunzi wakiwa kazini, na kila wiki lazima wakae wawili, mlango umefungwa, kama saa moja na nusu hivi, waongee juu ya zile kesi ameshika, alimwambia mama nini, aliogopa wapi, aliharibu wapi. Kila wiki. Nikamuuliza, na huyo mtu hana kazi zingine? Akacheka, akasema anti, hiyo ndio kazi yenyewe.

Nilizima simu nikaangalia meza yetu ya kona ambapo mwanafunzi wa mwaka huo alikuwa anabandika stempu kwa fomu. Alikuwa amebandika tangu asubuhi. Jana yake alikuwa ameenda benki kutupigia foleni na juzi alikuwa amenunua maziwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa msumbufu, kila mtu wa hii kazi nikikutana naye aliyesomea mahali pengine namuuliza nyinyi mlifundishwaje, si kwa darasa, nje ya darasa. Maana ya darasani nimegundua inafanana karibu dunia nzima, wote wanatajiwa wale wamama wa Marekani na Ulaya wa zamani, wote wanaambiwa siri ya mteja ni siri, wote wanachora ile duara ya mtoto katikati na familia na jamii zikimzunguka. Tofauti inaanza mwanafunzi akitoka kwa lango la chuo.

Huko England sheria yao ya masomo inataka mwanafunzi afikishe siku 200 za mazoezi kabla amalize. Katika hizo, siku 30 zinaweza kuwa za kufunzwa mbinu za kazi, halafu kwa kawaida ni siku 70 mahali pa kwanza na 100 mahali pa pili, na hizo sehemu mbili zisifanane, na angalau moja iwe ya zile kazi za kisheria kama kulinda watoto. Kabla mwanafunzi hajaachiliwa agonge mlango wa mtu anapimwa kwanza kama yuko tayari. Na akimaliza hawezi tu kujiita sosho waka, tangu 2005 hilo jina linalindwa na sheria, lazima uwe kwa rejista. Marekani wanahesabu kwa saa, wa digrii ya kwanza 400, wa masters 900. Australia ni saa 1,000. Afrika Kusini digrii ni miaka minne na mtu anaandikishwa na baraza lao akiwa bado ni mwanafunzi, kwa hiyo hata akikosa adabu akiwa atachi kuna mahali pa kumshtaki.

Sisi? Wiki nane, kumi, kumi na mbili, kulingana na chuo. Mwanafunzi anajitafutia mahali mwenyewe, anazunguka na jua la Kisumu unalijua, anabisha ofisi kumi anakubaliwa na ile itakayomkubali, hata kama ni ofisi ya kuuza bima, mradi mhuri upatikane. Lekchara anakuja mara moja. Kuna mwaka mmoja alikuja na boda, sitataja chuo, akakataa kukaa, akaniuliza "huyu ako sawa?" nikasema ako sawa, akajaza fomu ameiwekelea kwa goti, robo saa haikuisha akawa ameshaenda Kondele kutafuta mwingine. Sasa kitu kilichonikasirisha ni kwamba yule kijana baadaye akanionyesha risiti ya ada, kuna laini ya pesa ya kusimamiwa atachimenti, amelipa yote, mamake anauza samaki. Amelipa kusimamiwa na hakuna aliyemsimamia, si lekchara si mimi.

Na msinielewe vibaya, sisemi huko ng'ambo ni mbinguni. Huyo binti mwenyewe analia. Anasema wakati mwingi anakaa na kompyuta kuliko na watu, kila kitu ni ripoti, ukimtembelea mtu saa moja unaandika saa tatu. Siku moja aliniambia amefundishwa kuwa makini na kupokea vitu kwa nyumba za watu, hata chakula, isije ikaonekana ameegemea upande. Mimi nikacheka nikamwambia kuja na hiyo hapa Nyalenda. Mama amekuwekea chai kwa kikombe kile cha wageni, ametuma mtoto akope sukari kwa jirani, wewe unasema asante niko kazini sinywi? Umekwisha, hata ile kesi funga faili tu. Kwa hiyo kuna vitu vya kunakili na kuna vitu vya kuacha huko huko, na hilo ndilo linahitaji mtu mzima wa kukaa na mwanafunzi na kumwambia, hii chai kunywa, lakini ile kuku akitaka kukuchinjia mwambie ulikula. Hakuna kitabu kitakachokufundisha chai na kuku.

Sasa nifike kwa kile kilichonibadilisha mimi.

Kulikuwa na kijana Mmarekani alikuja kukaa na shirika jirani yetu kwa miezi kadhaa, alikuwa anamalizia zile saa zake za masters. Kila jioni nilikuwa namwona ameinama kwa daftari anaandika kama mtu wa kortini. Nikamuuliza unaandika barua? Akasema hapana, ni zoezi, kwao limekuwepo tangu zamani. Ukishaongea na mtu unarudi unaandika mazungumzo yote vile unavyokumbuka, neno kwa neno, yeye alisema hivi mimi nikasema hivi, halafu pembeni kwa ukurasa unaandika wewe ulikuwa unahisi nini wakati huo, na upande mwingine unawacha nafasi supavaiza wako ajaze. Nikaona ni uchokozi, nani ako na hiyo nafasi. Lakini ilikaa kichwani.

Mwaka uliofuata nikapata mwanafunzi wa diploma, msichana wa upande wa Kakamega, mwenye bidii na mwenye kuogopa. Wakati huo tulikuwa na watoto wanarudishwa nyumbani kutoka kwa makao ya watoto. Wasomaji wako wanajua, serikali ilishaamua kutoka polepole kwa mambo ya kulea watoto kwa mabweni, mpango wa kitaifa wa kubadilisha malezi ni wa 2022 hadi 2032, na sheria mpya ya watoto ni ya 2022 hiyo hiyo, na Kisumu yetu ilikuwa kati ya kaunti zilizoanza mapema. Kwa karatasi inaonekana rahisi, mtoto arudi kwa jamaa. Kwa nyumba ni maneno mengine kabisa. Nikamtuma huyo msichana kwa nyanya mmoja, dani tunavyomwita sisi, anayelea wajukuu watatu na mkubwa ndiye alikuwa amerudi juzi. Nikamwambia ukirudi usijaze logibuku, chukua daftari uandike yote vile mlivyoongea. Andika na Kiswahili, andika na lugha yoyote, mradi iwe ndio maneno yenyewe.

Alileta kurasa nne. Tukakaa, mimi nikasoma kwa sauti. Watoto wanakula mara ngapi kwa siku? Wanakula. Wanalala wapi? Hapa. Nani analipa karo? Mungu. Pesa ya serikali ya Inua Jamii huwa unapata? Ikija. Unatumia kwa nini? Kwa nyumba. Nikahesabu, maswali ishirini na mbili, yanafuatana kama risasi, na dani wa watu anajibu neno moja moja kama mtu anayehojiwa kwa stesheni. Halafu katikati ya ukurasa wa tatu dani anasema, bila kuulizwa, "Huyu mkubwa halali." Na swali linalofuata la msichana wetu ni: "Choo mnatumia ya nani?"

Nilinyamaza tu. Akaangalia, akasoma tena, akaweka mkono kwa mdomo. Sikumwambia kitu, sikuwa na haja. Ile kurasa ilimwambia.

Wiki iliyofuata akarudi, bila fomu. Akamkuta dani anachambua omena, akakaa chini akachambua naye, hakuuliza chochote, alikuwa anaogopa hata kuuliza. Baada ya muda dani akaanza mwenyewe. Kwamba huyo kijana usiku anaamka anavaa viatu, anakaa karibu na mlango, anangoja gari ya makao ije imchukue, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba haji tena kuchukuliwa. Alidhani ametembelea. Wote walidhani mtoto ni mkaidi, mwalimu alikuwa ameshaanza kumchapa kwa kulala darasani.

Sasa nifungulie ile logibuku ya kawaida. Hiyo siku ya kwanza ingeandikwa hivi: "Nilitembelea familia na kujaza fomu ya tathmini." Mimi nasaini. Lekchara anatia tiki. Maksi sabini na nane.

Nimejiuliza sana kama hiyo ni kazi ya Mmarekani au ni kazi ya dani, lakini najua bila ile saa moja ya kukaa na kusoma zile kurasa isingetokea. Na ile saa haikugharimu dola. Iligharimu mimi kuzima simu.

Mwenzangu mmoja wa Nakuru alisomea masters India, kule Pune, Wakenya wengi wamepitia huko. Yeye anasema kwao fildi haikungoja mwisho. Wiki ya kwanza ama ya pili umepelekwa mtaa wa mabanda, na tangu hapo miaka yote miwili ni siku mbili kwa wiki uko nje, zile zingine uko darasani, na kila wiki unaandika ripoti na unakaa na lekchara wako mwenyewe kwa hiyo ripoti, halafu mwishoni ndio kuna ile ya kukaa mahali pamoja wiki mfululizo. Hiyo ya siku mbili nimeipenda kuliko zote. Kwa sababu ukifundishwa Jumatatu namna ya kumsikiliza mtu mwenye msiba na Alhamisi umekaa na mtu mwenye msiba, hiyo inaingia. Sisi tunamfundisha mtoto thiori miaka miwili mfululizo, halafu tunamwaga fildi miezi mitatu kama mtu aliyesomea kuogelea ubaoni halafu unamrusha ziwani Dunga. Na India walianza kwa kuletewa kama sisi, ile shule yao ya kwanza ya Mumbai ya 1936 ilianzishwa na mmishonari wa Marekani kwa pesa ya akina Tata. Wakaletewa, halafu wakakata kata kulingana na kimo chao.

Watu hupenda kusema Kenya bado ni wachanga kwa hii mambo. Uchanga gani? Machakos kulikuwa na shule ya sosho waka tangu 1962, ile ya kushirikiana na Waisraeli, hata bendera ya uhuru haijapanda. Makerere ilianza kufundisha 1963. Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza digrii 1976. Watanzania wana chuo chao Kijitonyama tangu miaka ya sabini, na wale walifanya kitu kimoja cha maana sana, waliipa kazi jina. Afisa ustawi wa jamii. Ukienda wilayani yupo, hospitalini yupo, na bibi wa kijijini anajua ni nani. Hapa kwetu ukisema sosho waka mtu anadhani unatoa unga, ama umekuja kunyang'anya mtoto. Wauguzi wana baraza lao, mawakili wana chama cha kisheria, washauri nasaha wakapata sheria yao 2014, sisi yeyote mwenye fulana ya shirika na roho nzuri ni sosho waka. Nina jirani anajiita sosho waka, anachofanya ni kupiga picha za watoto. Lakini hiyo ya baraza ni barua ya siku nyingine, nisipotee.

Kuna moja lazima niitaje hata kama inanichekesha. Miaka fulani nyuma tuliitwa semina kwa hoteli moja hapa mjini, projekta, maji ya chupa, kuku wa kukaanga. Mtaalamu akatufundisha mbinu mpya kutoka New Zealand: mtoto akiwa na shida, kabla korti haijaamua, unaita familia pana, wajomba, mashangazi, nyanya, mnakaa pamoja, mnawaachia chumba wapange wenyewe. Tukaandika. Jaduong' mmoja aliyekuwa nyuma, alikuwa mzee wa mtaa, akainua mkono akauliza kwa heshima sana, "Sasa hiyo si ndio sisi tulikuwa tunafanya chini ya mti mpaka mkatuambia twende ofisini?" Ukumbi ulicheka mpaka mtaalamu akacheka. Na ukweli ni kwamba New Zealand hawakuitoa kwa kitabu, waliitoa kwa Wamaori, Wamaori ndio walilalamika kwamba watoto wao wanachukuliwa wanapelekwa kwa wageni na ukoo haujaulizwa, ikaingia kwa sheria yao ya 1989. Yaani wao walichukua cha wenyeji wakakiweka kwa sheria na kwa masomo, sisi tukaacha cha kwetu tukangoja kiletwe na projekta. Hadi leo mwanafunzi anakuja hapa ananiambia mteja ni mtu mmoja, anataka kumhoji mjane peke yake chumbani, shemeji yake amekaa nje anasikia kila kitu kupitia mabati na ndiye atakayeamua kama huyo mama atabaki kwa hilo boma.

Na lugha nayo. Nimewahi kumwomba mwanafunzi wa mwaka wa nne anielezee siri ya mteja kama anavyomweleza mama wa sokoni Jubilee, si kwa Kiingereza. Akaanza, akakwama, akasema "Madam hiyo hatukufundishwa." Miaka minne. Atafanya kazi yake yote kwa Kiswahili na Dholuo na Kiluhya, na mtihani wote ameufanya kwa lugha ambayo hakuna mteja wake hata mmoja ataitumia.

Lakini kitu kimoja cha England ndicho siwezi kukitoa kichwani. Tangu walipoanza digrii yao mwaka 2003, vyuo vinatakiwa kuwashirikisha wale wanaohudumiwa. Yaani mtu aliyelelewa makao ya watoto, mama aliyewahi kuchukuliwa watoto, mlemavu, wanaingia chuoni, wanakaa kwa paneli ya kuchagua nani aingie kusoma, wanafundisha vipindi. Binti ya dada yangu aliulizwa swali kwa intavyuu na mzee wa kiti cha magurudumu: "Ukichelewa kuja kwangu utanipigia simu ama utanipata tu?" Anasema ndilo swali lilimpiga kuliko yote. Sasa nachukua hiyo nailetea huku, naona yule dani wetu amevaa kitambaa chake cha Jumapili amekaa kwa meza ndefu chuoni katikati ya mkuu wa kitivo na lekchara, anamwangalia kijana wa suti aliyepata B plus, anamwambia na hiyo sauti yake ya chini, wewe ukija kwangu utakaa chini ama utasimama mlangoni? Mimi nawaambia nusu ya wanaoingia wasingeingia. Na nusu ya wale tuliowafungia nje kwa sababu ya gredi wangepita.

Najua vyuo vitasema nini. Wanafunzi ni wengi lekchara ni wachache, pesa hakuna, mgomo hauishi. Nakubali. Siombi siku 200. Hata ukinipa mwanafunzi siku 200 na hakuna mtu wa kukaa naye, umenipa tu siku 200 za kununua maziwa. Ninachoomba ni mtu mmoja mwenye jina, aandikwe kwa barua, kwamba huyu ndiye atakaa na huyu kijana kila wiki saa moja. Na zile pesa wameshalipishwa za kusimamiwa, badala ya lekchara kuzunguka na boda kaunti nne akitia tiki, ziwekwe hata Jumamosi mbili kabla ya mwezi wa tano, mtuite sisi tunaopokea wanafunzi, mtufundishe namna ya kukaa nao. Mimi hakuna aliyewahi kunifundisha, nilijifunza kwa kuchungulia daftari ya mgeni. Na wa mwaka wa kwanza watoke hata siku moja kwa wiki, nauli ya Nyalenda kutoka mjini si kitu, wengine wanatembea. Logibuku ile ibaki kama wanaipenda, lakini iwekwe na daftari ya mazungumzo, angalau moja kwa wiki, na kwa lugha iliyoongewa.

Nimejaribu kwetu tangu mwaka jana. Alhamisi saa nane mchana mlango unafungwa, simu zinazimwa, hata mkubwa wangu amekubali ijapokuwa kwanza alinuna. Na nisidanganye, kuna gharama. Zamani nilikuwa napokea wanafunzi sita, kwa hiyo njia siwezi zaidi ya wawili. Mwaka huu nimerudisha kumi na mmoja. Kuna mmoja alilia hapo mlangoni, alikuwa ametoka Siaya na alikuwa amebakisha wiki moja apate mahali ama arudie mwaka. Nilimpa soda na nikampigia mtu Manyatta, sijui kama alipata. Hiyo inaniuma mpaka saa hii, maana kwa ile njia yangu ya zamani angepata mhuri wake na angefurahi.

Wale wawili nilionao wanaanza Jumatatu. Chai tutachemsha sisi. Kama kuna lekchara anasoma hii na ana mwanafunzi hapa Nyalenda, kwangu ama kwa jirani, tafadhali usije tu siku ya fomu, kuja Alhamisi moja saa nane ukae ile saa yote usikie kijana anasoma daftari yake. Kiti kile cha waya nitakaa mimi.

Sosho waka wa Nyalenda,
Kisumu